Mpe kuku mboga, lakini usimpunguzie lishe

Siku hizi ukipita karibu na kibanda cha mama mboga jua likikaribia kutua, iwe ni Kayole, Githurai, Nyalenda kule Kisumu au Kisauni kule Mombasa, si ajabu kumkuta mtoto ameshika mfuko akingoja kupewa majani yaliyonyauka. Majani hayo hayaendi kupikwa. Yanaenda nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku watano, kumi au ishirini, ambao familia inawafuga ili ipate mayai ya watoto na mengine machache ya kuuza.

Ni jambo jema. Kuku hupenda majani mabichi, na majani humfaa. Lakini kuna kosa moja ambalo familia nyingi za mijini hulifanya, nalo limewafanya watu kadha kuuza kuku wao wakiamini kwamba ufugaji hauna faida. Kosa lenyewe ni kudhani kwamba kila kiganja cha mboga unachompa kuku kinakuruhusu umpunguzie kiganja cha lishe ya dukani.

Si vigumu kuelewa kishawishi hiki. Mnamo 2021 na 2022 bei ya vyakula vya mifugo ilipanda vibaya humu nchini, mahindi na soya vilipokuwa adimu, na baadhi ya wafugaji wadogo wakafunga mabanda. Mzazi mwenye kuku kumi akiona gunia linapungua upesi, ilhali sukuma wiki inaozea sokoni, moyo humwambia: punguza hiki, ongeza kile. Majuma mawili matatu yakipita, mayai huanza kuadimika. Hapo lawama humwendea aliyeuza lishe, aliyeuza kuku, au jirani anayesemekana ana kijicho.

Mpenzi msomaji, kabla ya kumlaumu jirani, hebu tuangalie kuku anahitaji nini hasa, na majani humpa nini. Kwa ufupi ni hivi: lishe ndiyo ugali wa kuku, na majani mabichi ndiyo mboga yake. Wewe mwenyewe unajua vile utakavyolala ukipewa sahani ya sukuma wiki bila ugali.

KUKU WA NYANYA NA KUKU WA MTAANI

Utasema, "Mbona nyanya yangu kule mashambani hajawahi kununua lishe hata siku moja, na kuku wake wanataga?"

Ni kweli. Lakini mwangalie kuku wa nyanya tangu asubuhi hadi jioni. Anaparura chini ya migomba na kutoa minyoo. Anafukuza panzi. Mvua ikinyesha anafanya karamu ya kumbikumbi. Anaokota punje za mahindi na mtama zilizomwagika uani, mbegu za magugu, na vijiwe vidogo vya kumsagia chakula tumboni. Majani ni sehemu moja tu ya mlo huo. Protini yake nyingi hutoka kwa wadudu, wala si kwa majani.

Pia tazama anataga mayai mangapi. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na matano hivi, kisha anaatamia, analea, na kupumzika. Mwaka ukiisha, mayai yake kwa kawaida ni kati ya 40 na 60. Kuku wa mayai unayemnunua akiwa kifaranga wa siku moja alizalishwa kwa kazi tofauti kabisa. Akitunzwa vizuri hukaribia mayai 300 kwa mwaka. Hata kuku wa kienyeji walioboreshwa, kama wale waliotokana na kazi ya watafiti wa KARI kule Naivasha (taasisi ambayo sasa huitwa KALRO), hutaga mayai mengi kuliko wale wa nyanya, na kwa hivyo hula zaidi.

Sasa geuka utazame uani kwako. Simenti au udongo uliofagiliwa. Ua wa mabati. Kama kulikuwa na minyoo na panzi hapo, kuku wako waliwamaliza siku za kwanza. Kuku wa mtaani hana pa kujitafutia. Anakula unachompa, basi.

HESABU ISIYODANGANYA

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, chukueni kalamu.

Kuku mkubwa wa mayai hula takriban gramu 120 za lishe kwa siku, ile inayoandikwa "layers mash" kwenye gunia. Kuku kumi basi watahitaji kilo 1.2 kwa siku, na gunia la kilo 50 litawatosha siku 41 hivi. Katika gramu hizo 120, asilimia 16 au zaidi kidogo ni protini. Hiyo ni karibu gramu 19 za protini kwa kila kuku, kila siku. Kumbuka kwamba yai moja la kawaida lina uzito wa gramu 60 hivi, na ndani yake mna karibu gramu 6 za protini. Yai halitoki hewani. Kilichomo ndani ya yai ni lazima kiwe kiliingia kwanza mdomoni mwa kuku.

Sukuma wiki nayo ina nini? Katika kila gramu 100 za majani mabichi, gramu 85 hadi 90 ni maji. Protini ni kama gramu 3 tu. Ili kuku apate gramu 19 za protini kutoka kwa sukuma wiki peke yake, ni lazima ale zaidi ya gramu 600 za majani kwa siku. Kuku mwenyewe ana uzito wa kilo mbili hivi, au hata chini ya hapo. Unamtaka ale karibu thuluthi moja ya uzito wake, majani matupu! Ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo yake hauwezi.

Tuje kwenye ganda. Ganda la yai moja linahitaji gramu 2 na zaidi za kalsiamu. Gramu 100 za sukuma wiki zina karibu robo gramu. Hata kama mwili wa kuku ungeweza kuitumia yote bila kupoteza chochote, angehitaji karibu kilo nzima ya majani kwa ganda moja.

Ndiyo maana kuku anayejazwa majani huonekana ameshiba ilhali ana njaa. Tumbo limejaa maji na nyuzinyuzi. Mwanzoni hutaona tofauti, kwa sababu kuku hukopa kutoka kwa mwili wake. Hutoa kalsiamu kwenye mifupa na nguvu kwenye mafuta yake. Kisha maganda huanza kuwa membamba, mayai yanakuwa madogo, yanaruka siku, na hatimaye anaacha kutaga na kunyonyoka manyoya. Ukimrudishia lishe yake, harudi kutaga kesho yake. Itakubidi umngoje majuma kadhaa huku ukimlisha bure.

Tuseme kuku wako kumi walikuwa wakikupa mayai manane kwa siku, nawe ukapunguza lishe kwa nusu. Umeokoa gramu 600 kwa siku, yaani kilo 4.2 kwa wiki. Mayai yakishuka kutoka manane hadi manne, umepoteza mayai 28 kwa wiki, takribani trei nzima. Linganisha bei ya trei moja ya mayai na ya kilo nne za lishe katika mtaa wako. Trei ndiyo huwa ghali zaidi. Kama isingekuwa hivyo, hakuna mfugaji wa kuku wa mayai ambaye angebaki katika kazi hii.

BASI MAJANI YANA FAIDA GANI?

Usije ukaamua sasa kumnyima kuku mboga. Majani yana kazi yake, na kazi hiyo ni kubwa kuliko uzito wake.

Kwanza ni vitamini. Kuna kisa ambacho wanafunzi wa sayansi watakifurahia. Mnamo 1929 mwanasayansi wa Denmark, Henrik Dam, alikuwa akifanya utafiti kwa vifaranga aliowalisha chakula kilichoondolewa mafuta. Vifaranga wakaanza kuvuja damu chini ya ngozi na kwenye misuli, na damu yao ikawa inachelewa kuganda. Aliwaongezea vitamini zilizojulikana wakati huo lakini hawakupona. Baadaye akagundua kwamba kulikuwa na vitamini nyingine isiyojulikana, akaiita vitamini K, herufi hiyo ikitokana na neno la kuganda kwa damu katika lugha ya Kijerumani na za jirani zake. Majani ya kijani yana vitamini hiyo kwa wingi sana. Dam alituzwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Mwamerika Edward Doisy. Kwa hivyo daktari anapomdunga mtoto mchanga sindano ya vitamini K ili asivuje damu, tunawashukuru pia vifaranga wa Denmark.

Utauliza, je, lishe ya dukani haitiwi vitamini? Hutiwa. Lishe nzuri ina mchanganyiko wa vitamini na madini uliopimwa. Lakini vitamini hazikai milele. Joto, hewa na muda huzipunguza, hasa vitamini A. Mfugaji wa kuku elfu moja humaliza gunia kabla ya siku kwisha. Wewe mwenye kuku watano, gunia la kilo 50 litakaa kwako karibu miezi mitatu, pengine chini ya bati linalowaka jua. Hapo ndipo majani mabichi humsaidia mfugaji mdogo kuliko yule mkubwa. Ni kama bima. Kuku aliyekosa vitamini A kwa muda mrefu huvimba macho, hutokwa na uchafu machoni na puani, na ukimfungua mdomo unaweza kuona vidutu vyeupe. (Kuna maradhi mengine yanayofanana na hali hiyo, kwa hivyo ukiona dalili hizi mwite daktari wa mifugo.)

Pili ni rangi ya kiini. Hapa kwetu mahindi mengi ni meupe, na lishe iliyotengenezwa kwa mahindi meupe hutoa kiini kilichofifia. Majani mabichi yana rangi ya manjano iliyofichwa nyuma ya ile ya kijani. Kuku akiyala, rangi hiyo huingia kwenye kiini. Anza leo kuwapa kuku wako majani kila siku, na baada ya siku kumi hadi wiki mbili utaona kiini kimegeuka. Haiwi kesho yake kwa sababu kiini hujengwa tabaka juu ya tabaka kwa siku kadhaa kabla ya yai kutagwa.

Hapa pana neno la uaminifu. Wanunuzi wengi hulipa zaidi kwa kiini cha manjano wakidhani ni yai la kienyeji. Kiini cha manjano huonyesha kuku alikula nini, hakionyeshi ni kuku wa aina gani. Uza mayai yako kwa jina lake: ya kuku wa mayai waliolishwa majani mabichi. Mteja aliyedanganywa mara moja harudi, tena huwaambia wenzake. Nawe unayenunua usidharau yai la kiini kilichofifia, kwani linaweza kuwa na protini sawa na lile lingine.

Tatu ni amani bandani. Kuku waliobanwa pahali padogo bila kazi huanza kudonoana manyoya, na wakiona damu hawaachi. Shada la mboga lililoning'inizwa huwapa shughuli. Wanarukia, wanadonoa, wanapumzika, wanarudi.

MBOGA ZIPI?

Sukuma wiki na kabeji ni salama na zinapatikana kila mtaa. Majani ya nje ya kabeji, yale anayoyatupa mama mboga, yanafaa sana mradi hayajaoza. Majani ya kunde, ya viazi vitamu na ya karoti pia ni mazuri. Ukipata alfalfa, lile jani la maua ya zambarau wanalolishwa ng'ombe wa maziwa, hilo lina protini zaidi ya sukuma wiki. Miongoni mwa magugu, kishona nguo kikiwa kichanga, pamoja na lile gugu la maua ya buluu ambalo wakulima wa sehemu za Mlima Kenya huliita mukengeria, huliwa kwa pupa.

Spinachi na mchicha (terere) wape, lakini si kila siku. Mboga hizi zina asidi inayoshikamana na kalsiamu na kuizuia kuingia mwilini, na kalsiamu ndiyo ganda. Zibadilishe na sukuma au kunde.

Ziko za kuepuka kabisa. Parachichi, hasa majani, ganda na kokwa lake, lina sumu inayodhuru moyo wa ndege. Majani ya viazi mbatata na ya nyanya, pamoja na maganda ya viazi yaliyogeuka kijani, yana sumu pia. Majani mabichi ya muhogo yana sianidi. Ndiyo maana watu wa Pwani huyatwanga na kuyapika sana kabla ya kuyala kama kisamvu. Maharagwe makavu yasiyopikwa ni hatari kwa kuku kama yalivyo hatari kwa watu. Usiwape vitunguu kwa wingi.

YAMETOKA WAPI?

Swali hili ni muhimu kuliko lile la jina la mboga, kwa sababu unachomlisha kuku leo mtoto wako atakila kesho ndani ya yai.

Majani ya sokoni ni mali, lakini chagua. Pale Marikiti au Kongowea, jani lililonyauka kwa jua halina neno. Jani lililooza, lenye utelezi, ukungu au funza, liache. Mboga inayooza huweza kubeba sumu ya bakteria inayomlegeza kuku shingo na kumwua. Usichukue mabaki yaliyorundikwa karibu na wanapouzwa au kuchinjwa kuku, maana maradhi kama kideri husafiri kwa kinyesi na manyoya. Yaoshe majani yote kwa maji safi kabla ya kuyaingiza bandani.

Muulize mkulima au mama mboga kama mboga imepuliziwa dawa na ni lini. Kila dawa ya wadudu ina siku za kungoja kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye chupa. Siku hizo ni za watu na za kuku. Jani lililojaa vidukari lisikutishe. Kuku atawala pamoja na jani, na afadhali jani la vidukari kuliko jani la dawa.

Jihadhari pia na mboga zilizomwagiliwa maji taka, kama zile zinazolimwa kando ya Mto Nairobi na mitaro ya viwandani, na nyasi zilizokatwa ukingoni mwa barabara kuu. Mchanga wa sehemu hizo unaweza kuwa na madini ya risasi yaliyokaa humo kwa miaka mingi. Kuku akiyala, sehemu ya madini hayo huingia kwenye yai. Kuosha jani hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani yake.

KIASI NA SAA

Kwa kuku kumi wakubwa, robo kilo ya majani kwa siku inatosha, na isizidi nusu kilo. Kama huna mizani, tumia kipimo hiki: wape wanachoweza kumaliza kwa muda wa nusu saa. Kikibaki, kiondoe na kesho upunguze. Kama hawajazoea, anza na kidogo na uongeze polepole kwa muda wa wiki moja, la sivyo wataharisha.

Saa nayo ina maana yake. Asubuhi kuku ana njaa na wengi hutaga wakati huo. Basi lishe iwe ya kwanza. Mboga wape saa sita au saa nane mchana, wakiwa wamekwisha kula. Jioni hakikisha kihori kina lishe tena. Ganda la yai hutengenezwa kwa saa ishirini hivi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku wewe ukiwa umelala. Kuku anayekwenda kulala na lishe na chokaa tumboni ana vifaa vya ujenzi. Kuku anayekwenda kulala na majani matupu atajenga kwa mifupa yake. Weka kopo dogo la chokaa ya kuku au kombe zilizosagwa, vinavyouzwa kwenye maduka ya agroveti, kila kuku ajichukulie anavyotaka.

Usimwage majani sakafuni. Yatachanganyika na kinyesi, yatalowesha maranda, na unyevu ndio huleta ugonjwa wa koksidia. Funga shada kwa kamba na ulining'inize usawa wa kichwa cha kuku, au likatekate uliweke kwenye chombo chake. Nyasi ndefu ni lazima zikatwe fupi, kama urefu wa kidole cha mtoto, kwani nyuzi ndefu hujisokota na kuziba mfuko wa chakula ulio shingoni. Kuku hana meno. Majani na nafaka husagwa ndani ya firigisi kwa msaada wa vijiwe. Kuku wa banda la simenti hana pa kuokota vijiwe hivyo, kwa hivyo mwekee changarawe ndogo.

Vifaranga wasubiri hadi wiki ya tatu au ya nne, kisha wapewe majani yaliyokatwa laini, kidogo sana, pamoja na mchanga wa chembe nene. Tumbo la kifaranga ni dogo mno kujazwa maji.

UKIONA KINYESI CHA KIJANI

Kuku aliyekula majani atatoa kinyesi chenye rangi ya kijani na majimaji kidogo. Hilo si ugonjwa. Wengine hukimbia kununua dawa bila sababu.

Lakini pia kideri huharisha kijani, na kideri humaliza banda zima kwa siku chache. Tofauti ni hii: kuku wa majani ni mchangamfu, anakula, upanga wake ni mwekundu. Kuku wa kideri amejikunja, anahema kwa shida, hali chakula, huenda shingo ikapinda au miguu ikalegea, na wenzake wanaanza kumfuata. Ukitilia shaka, simamisha mboga kwa siku mbili na wape lishe na maji tu. Kinyesi cha majani kitarudi katika rangi yake. Kikikataa, au ukiona dalili hizo nyingine, usingoje hizo siku mbili: mtenge anayeumwa na umwite daktari wa mifugo mara moja. Na kumbuka, kideri hakina tiba, kina chanjo tu. Hakuna kiasi cha sukuma wiki kinachoweza kuchukua mahali pa chanjo.

BUSTANI YA GUNIA

Mahali pazuri pa kupata mboga ya kuku ni pale unapopata mboga yako mwenyewe. Gunia moja lililojazwa udongo, lenye safu ya mawe katikati ya kupitisha maji, na mashimo ubavuni ya kupandia miche, halihitaji nafasi kubwa kuliko pipa la maji. Majani machanga ya juu ni ya sufuria. Yale ya chini, yaliyokomaa na kuanza kugeuka manjano, ambayo hata hivyo ungeyatupa, ni ya kuku. Hakuna dawa usiyoijua wala maji usiyoyajua.

Kuku nao watalipa deni. Kinyesi chao pamoja na maranda ni mbolea kali sana. Usiitie kwenye gunia ikiwa mbichi. Itaunguza miche, na ina bakteria wanaoweza kuwaumiza watoto tumbo. Irundike ukiichanganya na majani makavu, uigeuze mara kwa mara, uiache miezi kadhaa hadi iwe kama udongo mweusi usio na harufu. Ndipo uitumie.

Kazi hii inawafaa watoto. Mmoja apewe jukumu la kuchuma na kupima majani, mwingine aandike kwenye daftari, kila jioni, lishe iliyotumika na mayai yaliyopatikana. Mwezi ukiisha, daftari hilo litawaambia ukweli kuliko ushauri wa jirani yeyote.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Lishe kwanza, gramu 120 kwa kuku kila siku, bila kupunguza kwa sababu umepata majani.

Majani mabichi robo kilo kwa kuku kumi, yaliyooshwa, mchana, yakining'inizwa.

Badilisha aina za mboga; spinachi na mchicha mara chache.

Chokaa, changarawe na maji safi viwepo kila wakati.

Parachichi, majani ya viazi mbatata na ya nyanya, muhogo mbichi na chochote kilichooza visiingie bandani.

Mkono ukiwa mfupi kweli na lishe imekushinda, afadhali uuze kuku wawili au watatu ili wanaobaki washibe, kuliko kuwagawia kumi chakula cha watano na kujaliza majani. Kuku saba walioshiba watakupa mayai mengi kuliko kumi wenye njaa, nawe utapata usingizi.